Kipa wa Mbamba Bay

Umatengoni ardhi tambarare ni mali. Milima ya Mbinga imejaa kahawa na ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo wamekuwa wakiyachimba kwenye miteremko tangu enzi za mababu ili mvua isiondoke na udongo. Mtu akipata kipande kilichonyooka hujenga au hupanda. Kwa hiyo uwanja wa chuo chetu cha ualimu uliinama: kulikuwa na goli la juu na goli la chini. Nahodha akishinda shilingi alichagua tuanze kwa kupandisha, ili kipindi cha pili, pumzi zikiwa zimekata, tushuke.

Katika uwanja kama huo, kipa ni nusu ya timu. Wetu alikuwa mtoto wa mvuvi kutoka Mbamba Bay, mikono migumu kwa kuvuta nyavu. Katika mechi 6 za kwanza alifungwa magoli 3 tu. Tukaanza kuzungumza habari za UMISAVUTA, mashindano ya vyuo vya ualimu, kana kwamba tumeshakata tiketi.

Muhula wa pili hakurudi. Ilikuwa ada. Sisi wa milimani wazazi wetu waliweza kuomba wasubiriwe mpaka kahawa ivunwe. Usipa hauna msimu wa kuahidi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti kitu, na mtumbwi hurudi na maji tu. Tulichanga bwenini. Ikapatikana nauli ya kumrudisha chuoni. Ada haikukaribia hata robo.

Bila yeye tulicheza mechi 5, tukafungwa 4. UMISAVUTA tukaisikia kwa wengine.

Kufunga msimu tulialikwa mechi ya kirafiki Mbamba Bay. Kutoka Mbinga ni kilometa 66 za kona na mteremko, baridi ikibaki nyuma, hadi ziwa linapojitandaza chini ya milima. Tulichezea mchangani. Golini kwao alisimama yeye, peku, kaptura imefifia.

Dakika za mwisho tulipata penalti. Mpigaji wetu hupiga kushoto, na kipa aliyemdakia mazoezini muhula mzima alijua hilo. Akaudaka, akaukumbatia, akalala nao mchangani. Tukafungwa 1–0.

Baadaye alinivuta pembeni.

“Mwalimu, mtihani wa Hisabati ulikuwaje?”

“Mgumu, kaka. Swali la 4 lilitumaliza.”

Akataka nimwelezee. Nikachora ile pembetatu kwa kidole mchangani. Alichuchumaa, akanyamaza kidogo, kisha akalikokotoa hadi jibu. Alipatia.

Watoto waliokuwa wanaokota mipira nyuma ya goli walisogea kutazama. Mmoja akamgusa bega: “Ticha, na mimi nifundishe.”

Dereva alipiga honi. Nilipogeuka kuangalia, alikuwa anafuta mchanga kwa kiganja, achore nyingine, rahisi zaidi.