Stima Ilivyotupita Ikarudi

Baba yangu aliona stima kabla hajaona reli. Kwa mtu wa Nyanza Kusini hilo si ajabu, maana reli haijatufikia hadi leo, lakini sisi watoto wake tulijivunia. Alikuwa kijana alipopata kibarua katika mgodi wa Macalder, Nyatike, ambako wazungu walianza kuchimba dhahabu miaka ya 1930, kisha wakageukia shaba. Kusaga mawe kwa kiasi walichokitaka kulihitaji nguvu nyingi, nao wakaenda kuitafuta Gogo, pale Mto Kuja unapoporomoka miambani. Wakajenga bwawa na kufunga mitambo. Hiyo ni mwishoni mwa miaka ya 1950. Kituo kipo bado, siku hizi chini ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, na uwezo wake ni megawati 2.

Kama Baba alivyosimulia, stima hiyo iliendesha mashine na kuwasha taa katika nyumba za wakubwa. Kambi ya vibarua ilibaki na koroboi. Hakulisema kwa uchungu, na mimi nilipolikasirikia kwa niaba yake, kama tulivyozoea kufanya vijana tuliotoka kusoma vitabu viwili vitatu, alinikatiza. "Nyathina, mwanangu, ile ilikuwa stima ya kazi. Nani aliomba kulala na mashine?"

Kuja ni mto uleule ambao jirani zetu Wakisii wanauita Gucha. Unashuka kutoka milima yao, unapita Gogo, unamwagika katika Ziwa Victoria. Ziwa nalo linatokea Jinja, Uganda, ambako bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Miaka michache baadaye Kenya ilianza kununua umeme wa huko, ukaja kwa waya kutoka Tororo hadi Nairobi, ukipita mbali kaskazini mwetu. Maana yake ni kwamba maji yaliyokwisha kuzungusha mitambo Gogo yalisafiri, yakazungusha tena mitambo Jinja, na matunda yake yakawasha taa za mji ambao wengi wetu tuliujua kwa jina tu. Nilijifunza hayo katika somo la jiografia sekondari, nikamweleza Baba wakati wa likizo. Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo maji yetu yamefanya kazi mara mbili," akasema, "na hayajalipwa hata mara moja."

Mgodi wa Macalder ulifungwa katikati ya miaka ya 1960. Baba alirudi kulima mtama na mihogo. Mitambo ya Gogo haikufungwa, ila umeme wake ukaingia mikononi mwa taifa. Kampuni iliyosambaza stima wakati huo ilikuwa East African Power and Lighting, iliyozaliwa mwaka 1922 kwa kuunganisha kampuni ya Mombasa na ya Nairobi, na ambayo haikubadili jina kuwa Kenya Power and Lighting hadi 1983. Ilikuwa kampuni ya biashara na ilikwenda palipokuwa na wa kulipa. Homa Bay, makao ya wilaya nzima ya Nyanza Kusini, ilipata. Migori, mji wa maduka kwenye barabara ya kwenda Tanzania, ukapata. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kiwanda cha sukari cha Sony kilianza kazi Awendo, nacho kilijizalishia stima kwa kuchoma makapi ya miwa. Ukipita hapo usiku kwa basi uliona kiwanda kimewaka chote, na mashamba ya miwa yanayokilisha yamelala gizani kilomita nyingi kila upande. Stima ya kwetu ilifuata mali kwanza. Watu ilikuja kuwakumbuka baadaye.

Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kupeleka umeme mashambani mwaka 1973. Kijiji chetu kiliusikia redioni.

Na hata redio ilikuwa na masharti. Betri zilipoanza kuchoka Mama alizilaza juani juu ya mabati ya jikoni, zikapata uhai wa siku moja au mbili zaidi. Muziki ulikatazwa. Betri zilitunzwa kwa matangazo ya vifo ya Kijaluo, maana mtu angeweza kuzikwa Rongo ndugu zake wa Nyatike wasijue, na kwa mechi za Gor Mahia. Desemba 1987, Gor ilipocheza na Esperance ya Tunisia fainali ya Kombe la Washindi Kasarani, wanaume wa vijiji vitatu walikuja kwetu, kila mmoja na betri yake mfukoni kama kiingilio. Sare ya bao moja kwa moja ilitosha kutupa kombe, kwa kuwa kule Tunis tulikuwa tumefunga mawili. Sijui kama kuna stima iliyowahi kutumika vizuri zaidi katika boma lile.

Upande wa Mama ni watu wa ziwani, karibu na Mbita. Mjomba alivua omena, na omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu hufuata mwanga. Taa zilikuwa karabai. Ulizipiga pampu, kile kifuko cheupe kikang'aa kwa sauti ya kufoka, kisha zikafungwa juu ya maboya ya mbao na kuachwa zielee. Omena wakajikusanya chini yake, mtumbwi ukazunguka na wavu. Kila jioni kabla ya kuingia majini ilikuwa lazima kununua mafuta taa, na asubuhi mwenye mtumbwi alikata pesa ya mafuta kwanza ndipo wavuvi wagawane kilichobaki. Kuna asubuhi hapakubaki kitu. Upepo ulipovunja kioo, hasara ilikuwa ya aliyekuwa zamu.

Lakini kutoka ufukweni ilikuwa raha kutazama. Taa mamia, hadi upeo wa macho. Nilipopelekwa Kisumu mara ya kwanza, basi likafika usiku, nikaona taa za mji kutoka mlimani, nikamwambia dada yangu: "Tazama, wamefika mbali leo." Nilidhani ni wavuvi. Mpaka leo ananitania kwa hilo mbele ya wajukuu.

Karabai hazikuondolewa na nguzo za stima, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia historia hii kwa kuhesabu mabwawa. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Ujerumani, Osram, ilifungua Mbita kituo cha jua ambako mvuvi aliweza kuchukua taa na betri iliyojaa, akairudisha asubuhi kuchajiwa. Baadaye taa ndogo za LED kutoka China zikajaa madukani, zikashuka bei, na wavuvi wakaziunganisha wenyewe na betri za pikipiki. Mjomba alikuwa mzee tayari. Alizisifu kwa jambo moja tu: hazifoki, kwa hiyo mtu anaweza kusikia upepo ukigeuka.

Huko kwa wakubwa, mabwawa yalijengwa kwa mfululizo kwenye Mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga, Kiambere. Olkaria ikaanza kutoa umeme wa mvuke wa ardhini mwaka 1981. Ukame wa 1999 na 2000 ulipoyakausha mabwawa, nchi ikaingia katika mgao wa stima, na magazeti yakaandika jinsi wakazi wa Nairobi walivyoteseka gizani. Nilikuwa nyumbani likizo. Jirani mmoja aliniuliza mgao ni nini. Nikamweleza kwamba stima inakuja saa fulani na kukatika saa fulani. Akasema angeshukuru sana kupata mgao.

Wakati huohuo mradi wa Sondu Miriu ulikuwa umeanza, kwa mkopo wa Japani. Mto Sondu ndio mpaka wa Homa Bay na Kisumu, na safari hii nguvu ilikuwa ya kweli: megawati 60 zilizoanza kutumika mwaka 2008, kisha Sang'oro, iliyojengwa kutumia maji yaleyale yanapotoka kituo cha kwanza, ikaongeza kama 21. Wapo waliolalamika kwamba maji yanapitishwa kwenye handaki na kuuacha mto wa chini, pamoja na maporomoko ya Odino, bila maji ya kutosha. Wapo waliopata kazi ya ujenzi na kununua ng'ombe. Wote hao walirudi jioni kwenye nyumba za koroboi. Katika sensa ya 2009, mwaka mmoja baada ya Sondu kuanza kuzalisha, waliotegemea stima kwa mwanga Homa Bay walikuwa karibu 3 katika kila watu 100. Migori walikuwa karibu 5.

Kisha mambo yakaenda mbio, na kutoka pande mbili zisizojuana. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa mkopo, unalipa kwa M-Pesa kidogo kidogo kila siku, usipolipa taa zinazimika zenyewe. Hesabu hiyo mama yeyote aliyekuwa akinunua mafuta taa ya kibaba aliielewa bila kufafanuliwa. Dada yangu alichukua. Taa kadhaa, redio, waya wa kuchajia simu, na ghafla watoto wa boma zima walikuwa wakisoma sebuleni kwake. Harufu ya koroboi ilitoka katika mapazia polepole.

Upande wa pili ulikuwa siasa. Muungano wa Jubilee uliingia madarakani mwaka 2013 ukiwa umeahidi tarakilishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na tarakilishi hazifanyi kazi bila stima, kwa hiyo nguzo zikakimbilia shule za msingi kote nchini. Tarakilishi zenyewe zilichelewa na nyingine zilifungiwa kabatini. Sijali. Ahadi ile iliyumba, lakini transfoma zilibaki, na mwaka 2015 ulipotangazwa mradi wa Last Mile, aliyekaa ndani ya mita 600 za transfoma aliweza kuvutiwa stima kwa shilingi 15,000, tena kwa awamu, badala ya karibu 35,000 za awali. Laini kubwa za kilovolti 132 zilijengwa pia, kutoka Kisii hadi Awendo, na nyingine kutoka Sondu kupitia Homa Bay na Ndhiwa.

Kwetu walikuja vijana na lori la nguzo msimu wa mahindi mabichi. Walikula mahindi yetu mengi. Waya uliingia kwa Baba, ukaingia kwa dada, ukamruka jirani yule wa mgao kwa sababu boma lake lilikuwa hatua chache nje ya kipimo. Alingoja miaka kabla ya nguzo nyingine kuongezwa, na kila mtu mwenye kitambulisho shingoni alipopita alimwita chai. Baba aliwasha, akazima, akawasha tena. Kisha akauliza bei ya tokeni, na tangu siku hiyo taa ya nje ya nyumba yake iliwaka usiku wa matanga na wa Krismasi tu.

Macalder yenyewe imeamka. Mchanga uliotupwa na mgodi wa zamani unaoshwa upya kutafuta dhahabu iliyosalia, vijana wanashuka mashimoni huko Nyatike na Osiri, na vinu vya kusaga mawe vilivyokuwa vikinguruma kwa dizeli, baadhi sasa ni vya stima. Nikisikia sauti yake namkumbuka Baba na neno lake la stima ya kazi. Tofauti ni kwamba mwenye kinu siku hizi anaweza kuwa mtu wa hapa, na bili ni yake.

Kitu ambacho stima haijagusa ni jiko. Tunapikia kuni kama Nyanya alivyopikia, kwa sababu hakuna anayethubutu kuchemsha maharagwe kwa tokeni. Wala hakuna aliyetupa sola. Mwaka 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kituo cha Gitaru na kuzima karibu nchi nzima. Agosti 2023 giza lilifunika tena nchi kwa saa nyingi. Mvua kubwa kwetu hukata laini bila kuhitaji tumbili. Kwa hiyo nyumba ya dada ina swichi mbili ukutani, moja ya serikali na moja ya jua, na wageni wanaonywa wasizichanganye.

Siku hizi dada ana friji dukani, anauza barafu na soda kwa wachuuzi wa samaki. Nilimkuta mwezi uliopita ameinama juu ya daftari, simu mkononi, mita ya stima imebakiza yuniti chache. Samaki wa watu walikuwa ndani na wenyewe hawajaja kuwachukua. "Nikinunua tokeni leo, faida ya wiki imekwenda," akaniambia. "Nisiponunua, nitakula mbuta za watu mpaka Jumapili." Akanunua za shilingi 200, akawapigia simu wenye samaki, akawaongezea bei ya barafu.