Tusiondoe Miiba ya Zizi

Miongoni mwetu sisi waalimu wa Dodoma tumo tuliopimwa karibuni, tukaambiwa tunavyo virusi vya UKIMWI. Hofu yetu ilikuwa kubwa, kwa maana twakumbuka waliozikwa kabla dawa hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Lakini siku hizi mtu hangoji mpaka adhoofike. Tangu 2016 kila aonekanaye navyo huanzishiwa dawa.

Wengi wetu twameza kidonge kimoja kila siku, saa ile ile. Nguvu zikirudi, hapo ndipo penye hatari, maana mtu hujidhani amepona. La, virusi vimelala tu. Dawa ikikatizwa huamka, na huenda vikawa sugu. Mfugaji wa Ugogo haondoi miiba ya zizi kwa kuwa fisi hajaonekana.

Basi tukisafiri twachukua vidonge vya kutosha. Tukikohoa twaenda kupimwa kifua kikuu. Ugali wa uwele twaula kwa mlenda wa karanga. Damu nayo hupimwa kwa wakati wake. Virusi visipoonekana kwa kipimo, vikadumu hivyo, mtu hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Kidonge cha leo ndicho kitakachotusimamisha mbele ya watoto kesho.