Tembo Waliostaafu wa Mae Taeng

Kaskazini mwa mji wa Chiang Mai, nchini Thailand, katika bonde la Mae Taeng, pana mahali ambapo tembo hupata kitu kama pensheni. Wengi walivuta magogo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti msituni, mwaka 1989, wakageuzwa wabeba watalii. Hapa, katika hifadhi ya Elephant Nature Park, mgeni hapandi tembo wala haoneshwi mchezo. Hutazama. Wapo wanaonung'unika kwamba fedha zao zimepotea bure! Na wasikie habari za Jokia: husimuliwa kuwa alizaa akiwa kazini, mtoto akafa, naye akagoma kuvuta, mmiliki wake akampofua macho. Hifadhini alipokewa na tembo mwenziwe, Mae Perm, aliyemwongoza miaka mingi, malishoni na mtoni.