Deki Haikuwa na Kosa

Nilimfanya mama mmoja wa Kibosho anunue deki mpya ilhali ya zamani ilikuwa nzima. Niliharibu kazi, nikasingizia mashine yake, naye akaniamini kwa sababu mimi ndiye fundi.

Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa napiga video za harusi, send-off na kipaimara hapa Moshi mjini, ofisi yangu chumba kimoja jirani na stendi, na kompyuta iliyojaa mpaka pomoni. Desemba kwetu haina mchezo. Wachagga wanapanda kutoka Dar, Mwanza na kwingineko kwenda kuhesabiwa, kama tunavyotaniwa, na kila ukoo unabana sherehe zake kwenye majuma hayo hayo. Kamera inatoka Uru inaingia Machame haijapoa.

Binti wa mama huyu alikuwa ameolewa Oktoba. Video ilikuwa karibu saa nne: kanisani, msafara, ukumbini, ndafu ikiingizwa huku mashangazi wakicheza, bibi akivishwa blanketi. Mama alitaka nakala za kugawia ukoo ukikusanyika Krismasi.

Nakala za kwanza nilichoma faili la MP4 kama lilivyo. Kwangu lilifunguka. Kwao deki ikagoma. Deki ya kawaida inatafuta folda ya VIDEO_TS yenye picha za MPEG-2. Ukiipa faili la aina nyingine, inakwambia haitambui diski. Nilijua hilo. Ila maboksi ya deki nyingi yalikuwa yameandikwa MPEG4 kwa herufi kubwa, nami nikajipa moyo. MPEG4 ile ilikuwa ya mafaili ya AVI ya zamani, ya DivX na Xvid. Faili langu lilikuwa la H.264. Nikazikusanya diski zote, nikazivunja nisije nikaonekana mtaani nazo.

Awamu ya pili nilikonvati kwa haraka, usiku, umeme ukiwa unakuja na kukatika. Programu niliyotumia ilikuwa imesetiwa NTSC, mfumo wa Marekani na Japani: mistari 480, picha karibu 30 kwa sekunde. Sisi tunatumia PAL: mistari 576, picha 25. Swali hilo lilikuwa pale kwenye kioo, mbele ya macho yangu, na mimi nikabofya endelea, endelea, endelea. Halafu nikafanya ubahili. Diski ya GB 4.7 inabeba saa mbili kwa ubora wa kuridhisha, wastani wa megabiti 5 hivi kwa sekunde. Mimi nikashindilia saa nne kwenye diski moja, niokoe bei ya diski ya pili.

Nikaijaribu kwenye kompyuta. Kompyuta haijali PAL wala NTSC, inaonyesha vyote. Nikampa kondakta wa Hiace mzigo upande Kibosho, kisha, kwa kuwa harusi nyingine zilikuwa zinasubiri nafasi, nikafuta kila kitu cha harusi ile.

Simu ikaja.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii picha inapanda juu tu, na haina rangi.”

“Hiyo ni lenzi, mama. Nunueni diski ya kusafishia.”

Wakanunua. Akapiga tena, nikamwambia deki imechoka, nikamwelekeza na duka. Sikusita hata kidogo. Ukikaa na kazi hii muda mrefu unazoea kwamba mteja hajui, na kwamba hizi mashine za bei rahisi zina matatizo yake. Ni kweli zinayo. Ndiyo maana uongo huu ni mtamu hivyo: mara nyingi unafanana na ukweli.

Siku iliyofuata Krismasi nikapanda mwenyewe, kwa kuwa hata deki mpya ilikuwa “na ugonjwa ule ule”. Sebule imejaa, mbege inazunguka. Kwenye kona kulikuwa na TV chogo yenye kitambaa cha kufuma juu yake, na deki mbili zimepandishana, mpya chini, ya zamani juu. Vijana walikuwa wanatazama filamu ya Kanumba, aliyekuwa amefariki Aprili mwaka uliotangulia. Nikasimama mlangoni nikiitazama. Rangi zote zipo. Picha imetulia. Nikafuata waya kwa macho.

Filamu ilikuwa inatoka kwenye deki ya zamani.

Pale pale nikaelewa, kabla hata diski yangu haijawekwa. Deki haikuwa imechoka, lenzi haikuwa chafu, na TV ile, ambayo haikujua mfumo mwingine zaidi ya PAL, ilikuwa inapokea kitu ilichoshindwa kukipaka rangi. Wakaweka harusi kwenye deki mpya. Kijivu. Uso wa bibi ukapanda, ukapotelea juu, ukaingia tena kwa chini. Kijana mmoja akasema, “Kumbe diski ndiyo mbovu.” Akakemewa asiwakosee wageni heshima.

Nikaomba rimoti, nikabonyeza kitufe cha P/N mpaka deki ikatoa PAL. Rangi zikaja. Sebule nzima ikapiga makofi, fundi amefika! Na mimi, ningeweza kusema pale pale. Nikapokea kata ya mbege, nikanyamaza.

Rangi zilikuja, lakini ndafu iliingia kwa kushtukashtuka, na kila mashangazi walipocheza kwa kasi nyuso zao zilivunjika vipande vya mraba. Hayo hayakuwa ya rimoti. Picha 25 zilikuwa zimenyooshwa kuwa 30 kwa kurudia baadhi, na saa nne zilikuwa zimekamuliwa mpaka zikakauka. Niliteremka na Hiace nikipanga kuirudia kazi upya, PAL, diski mbili. Tulipokuwa tunakaribia mjini ndipo nikakumbuka kwamba nimefuta. Nilijaribu programu za kurudisha mafaili, lakini harusi za Desemba zilikuwa zimeshaandikwa juu yake. Na zile diski za MP4 nilizozivunja ndizo zilizokuwa na nakala safi kuliko zote.

Januari nilirudi nikamweleza mama kila kitu, nikamlipa bei ya deki. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ile mbele ya watu. Sikuwa na jibu la maana. Diski mpya nilizomtengenezea zilitokana na nakala ile iliyoharibika, kwa hiyo zina rangi, zina utulivu, na mshtuko upo pale pale, hautoki. Upande wa Kibosho sikupata kazi kwa muda mrefu.

Tangu hapo namuuliza mteja TV na deki aliyonayo kabla sijachoma chochote. Nilinunua TV chogo na deki mbovumbovu kwa ajili ya kujaribia. Mitambo ya analojia ilikuwa imeanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengine wakadhani TV hizo ndiyo basi, kumbe zilifungiwa ving'amuzi zikaendelea na maisha. Nachoma taratibu, nahakikisha diski imefungwa mwishoni, na sibandiki karatasi juu yake, maana ikibandikwa upande diski inayumba ikizunguka. Mafaili ya mteja sifuti mpaka aniambie amecheza kwake, mwanzo hadi mwisho.

Miaka kadhaa baadaye mama yule aliniita tena. Amepata TV flati, anataka harusi kwenye flashi. Safari hii nilipanda nayo mwenyewe. Faili lilizidi GB 4, na flashi ya FAT32 haipokei faili moja kubwa kiasi hicho, kwa hiyo nilikuwa nimeifomati kwa exFAT bila kufikiri mara mbili. Nikaichomeka nyuma ya TV. Ikaandika haisomi.

Mama alikuwa amekaa nyuma yangu. “Sasa mwanangu,” akasema, “ninunue TV nyingine?”