Picha ya kupeleka nyumbani na picha ya kubaki nayo

Kazi yangu ni kupiga picha za familia hapa London, na wateja wangu wengi ni watu wetu: wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, na wengine wa Bujumbura na Goma waliofika kwa njia ndefu kuliko sisi. Hunipigia simu Idi ikikaribia, Krismasi ikikaribia, mtoto akimaliza chuo, mtoto mchanga akitimiza arubaini, au mzee akija kutoka nyumbani kwa wiki chache. Studio sina. Nina begi, kamera mbili na kadi ya basi. Ndiyo maana mji huu nimeujua kwa miguu, na leo nataka tutembee pamoja sehemu chache ninazopita na familia hizi. Kuna jambo nimejifunza njiani kuhusu picha zetu sisi tulio mbali, nami naona kila nyumba inafaa kulifikiria.

Ombi la familia mpya karibu kila mara ni lile lile: "Dada, tunataka picha ya kupeleka nyumbani." Nikiuliza wapi, naambiwa London Bridge. Nimeshazoea. Wanachokitaka ni Tower Bridge, lile daraja la minara miwili lililofunguliwa mwaka 1894. London Bridge yenyewe iko jirani, ni daraja la kawaida lililofunguliwa mwaka 1973, na ukimtumia bibi picha yake atakuuliza kama umeshafika London au bado.

Kutoka Barking, wanakoishi wengi wa wateja wangu, unapanda treni ya District hadi Tower Hill, unavuka daraja kwa miguu, unateremka kwenye bustani ya Potters Fields upande wa kusini. Ukisimama pale daraja likiwa nyuma yako, asubuhi jua hukujia kwa nyuma na nyuso zinakuwa giza. Jioni jua huwa mbele yako, likamulika nyuso na minara kwa pamoja. Siku ya mawingu haina tatizo saa yoyote. Kina mama wengi husikitika wakiona mbingu imejaa mawingu, lakini mimi hufurahi. Wingu la Uingereza ni kama shuka jeupe lililotandazwa juu ya mji: halitii vivuli chini ya macho, na halimfanyi mtu akunje uso. Ila upepo wa mtoni ni mwingi, kwa hiyo njooni na pini za mitandio.

Mimi ni mtoto wa Likoni, na kila nikisimama pale hukumbuka vibanda vya picha vilivyokuwa karibu na kivuko chetu miaka ya 1990. Ndani mlikuwa na mapazia yaliyochorwa: ndege, meli, magorofa marefu, bustani zenye maua makubwa kuliko vichwa vya watu. Waliopigwa picha mle wengi walikuwa vijana wa bara waliokuja Mombasa kutafuta kazi. Kijana alivaa shati lake zuri, akasimama mbele ya ndege ya rangi, akaipeleka picha kwao. Si kwamba mama yake aliamini mwanawe amepanda ndege. Alichokuwa akiambiwa ni kwamba niko mzima, nimependeza, usiwe na wasiwasi.

Studio kubwa za pwani nazo zilifanya kazi hiyo hiyo kwa namna yake. Mombasa tulikuwa na Parekh Studio, Unguja wana Capital Art Studio iliyofunguliwa mwaka 1930. Watu walikwenda wamepiga pasi na kujitia uturi, japokuwa picha haitoi harufu.

Basi Tower Bridge ni pazia letu. Sisemi hivyo kwa dharau. Mtu aliyepambana na makaratasi, baridi na kodi ya nyumba ana haki ya kusimama mbele ya minara akatabasamu. Picha hiyo naipiga kwa moyo wangu wote. Ila siku hizi, kabla sijapokea kazi, huwaambia wenye nyumba sharti langu moja: tutapiga na picha ya pili, mahali mnapoishi kweli.

Mahali hapo panaweza kuwa bustani mnayokwenda kila Jumapili. Familia moja hunipeleka Greenwich kila mwezi wa Aprili, micherehe ikichanua na njia nzima ikawa ya waridi. Wanapanda mlima hadi kwenye jengo la kuangalia nyota, ulipo mstari wa digrii sifuri ambao mkutano wa kimataifa wa mwaka 1884 uliukubali uwe mwanzo wa kuhesabia masaa ya dunia. Mtoto wao alimpigia bibi yake Dar es Salaam akiwa juu ya mlima. Bibi akauliza swali la siku zote, "Huko saa ngapi?" Mtoto akajibu, "Bibi, hapa ndipo saa zinapoanzia," na bibi akamwambia basi mbona sisi tuko mbele yenu. Ni kweli: wakati wa kiangazi tunawafuata kwa masaa mawili, wakati wa baridi kwa matatu. Angalizo kwa wenye kamera za kazi: Greenwich ni moja ya bustani za kifalme, na mpiga picha wa kulipwa anatakiwa kuomba kibali mapema. Familia inayojipiga yenyewe haina haja hiyo.

Sherehe za mji nazo ni za kwetu, maana tunaishi humu. Baada ya Idi ya mfungo mosi, uwanja wa Trafalgar hufanyiwa sherehe ya wazi, na watu huja na nguo za kila nchi ya Kiislamu. Kanzu nyeupe na uso mweusi ni mtihani kwa kamera. Kamera hudhani kila inachokiona ni cha kijivu, kwa hiyo ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso wa baba ukazama. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kubonyeza, kisha ongeza mwanga kidogo. Bora kanzu ipoteze mkunjo mmoja kuliko baba kupoteza macho.

Mwisho wa Agosti kuna Notting Hill Carnival, ya siku mbili, Jumapili na Jumatatu, iliyoanzishwa na watu wa Karibi miaka ya 1960. Mwenye watoto aende Jumapili, ndiyo siku ya familia. Waandikieni watoto namba ya simu mkononi, na kubalianeni mtakutana wapi mkipoteana. Mimi hupenda kupiga picha ya mtoto aliye juu ya mabega ya baba yake, kwa sababu ni picha mbili kwa pamoja: mtoto anatazama ngoma, baba anatazama njia.

Wakati mwingine tunatoka nje ya mji kabisa. Treni ya kutoka Fenchurch Street hupita Barking na kufika Southend, kwenye gati lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, la matembezi, ambalo hakuna refu kuliko hilo duniani. Mwaka juzi nilikwenda na mzee wa Pemba aliyekuja kumwona mwanawe. Kwa wiki tatu alikuwa akionyeshwa majumba, akiitikia kwa heshima tu. Tulipofika, maji yalikuwa yametoka, tope na mchanga vimebaki wazi hadi mbali sana, na mashua zimelala ubavu. Mzee alisimama kimya. Kisha akauliza, "Leo ni bamvua?" Mwanawe hakujua. Mzee akaanza kuwaeleza wajukuu zake bamvua ni nini, maji mafu ni nini, na mwezi unahusika vipi, kwa mkono mmoja akiwashika na kwa mwingine akionyesha upeo. Watoto waliozaliwa London, waliokuwa wakimwona babu kama mgeni wa kuheshimiwa, siku ile walimwona kama mtu anayejua. Picha niliyoipiga pale haina mnara wala saa. Ina tope, na mzee akiwa na kanzu imepandishwa hadi kwenye ndama za miguu. Mkienda, angalieni kwanza ratiba ya maji, wala msitembee mbali na ufukwe. Bahari ile hurudi haraka.

Nimeona nimalizie na familia ya Tanga inayoishi Barking, kwa ruhusa yao na bila majina. Mama wa nyumba aliniita kwa sababu mamake, aliye Tanga, alikuwa amepata wasiwasi. Kwa miaka minne alitumiwa picha za binti yake na wajukuu watatu, lakini mkwe hakuwemo hata katika moja. Ama yeye ndiye aliyeshika simu, ama alikuwa kazini, ama amelala. Bibi alikuwa ameanza kuuliza kwa mafumbo, na majirani nao walianza kuuliza bila mafumbo.

Baba huyo alikuwa mwalimu nyumbani. Hapa anatunza wazee usiku. Tulikwenda Tower Bridge Jumamosi jioni, akavaa suti, picha zikatoka nzuri. Nilipowakumbusha picha ya pili, binti mkubwa, wa miaka 12, akajibu kabla ya wazazi: "Kituo cha basi." Nikauliza kwa nini. Akasema huko ndiko anakomwona baba yake. Yeye anatoka kwenda shule, baba anarudi kutoka kazini, wanakutana pale dakika tano au sita kila asubuhi.

Baba hakupenda. Alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, asubuhi ninakuwa na sare. Mama mkwe akiiona atasema niliacha chaki nikaja kubeba mabeseni." Sikuwa na la kumjibu. Aibu ya mtu si jambo la kucheza nalo, na wengi wetu hapa tunafanya kazi ambazo nyumbani hatuzitaji kwa majina yake. Nikamwambia picha itakuwa mali yake, akitaka ataifuta.

Jumatatu nilikuwa pale saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa Januari, taa za barabarani bado zinawaka. Sikumpanga mtu. Basi lilisimama, akashuka, macho mekundu, sare ya bluu ikionekana chini ya koti. Binti akampokea begi lake, akampa chupa ya chai. Baba akamfunga skafu vizuri. Hawakusema mengi. Basi la shule likaja, akapanda, baba akabaki akipunga mkono mpaka likapinda kona.

Hakuifuta. Ile ya daraja ilipelekwa Tanga kwanza, ikawekwa sebuleni. Ile ya kituo binti aliiweka karibu na kitanda chake. Baada ya miezi miwili baba mwenyewe alimwambia mkewe aitume nayo. Wakakaa wote kusubiri simu. Bibi alipopiga hakuuliza habari ya sare wala ya chaki. Alisema, "Mume wako amekonda. Mwambie alale." Tangu hapo, nimeambiwa, kila akipiga humwulizia kwanza yeye, kama amelala.

Basi wenzangu, endeleeni kwenda darajani. Ila mwaka huu jipigeni pia sokoni mnakonunua muhogo na bamia, kwenye ngazi za nyumba mnayoishi, na jikoni siku ya maandazi. Nyumba hizi tunahama, na watoto wakikua watatuuliza tuliishi wapi na tulikuwa watu gani; Tower Bridge haitaweza kuwajibu. Yule anayeshika simu kila siku, mpokonyeni naye aingie. Msiache kila kitu ndani ya simu, kwa maana simu hupotea na maji huingia. Kila familia ichague picha kumi tu kwa mwaka, izichapishe dukani, na iandike nyuma kwa kalamu: mwaka, mahali, na majina ya wote waliomo. Kwa watoto andikeni yote mawili, jina la shuleni na lile tunalowaitia nyumbani.