Sarafu Niliyoikwatua

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mmekuwa mkiandika habari za safari zenu. Leo nami naleta yangu, ijapokuwa sehemu yake moja inanitia haya.

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 nalikwenda Marekani kumtazama dada yangu mdogo, aliyeolewa huko na kukaa katika mji wa Chicago. Mwanawe wa kwanza ana miaka kumi na miwili, ni kijana mpole, tena ni mkusanya sarafu. Watoto wengine hufuga njiwa, wengine hukusanya stempu. Huyu, pesa zote apewazo siku za sikukuu huzigeuza kuwa pesa nyingine zisizonunua kitu. Mwanzo nalidhani ni mchezo tu.

Kabla ya kuondoka Tabora nalifungua sanduku la marehemu mama yetu. Ndani yake, katika kitambaa, alikuwa ameweka fedha za kale: heller za Wadachi, ambazo ndizo asili ya neno letu "hela", senti zenye tundu za wakati wa Waingereza, na shilingi chache zenye simba. Katika hizo ilikuwamo moja aliyoipenda kuliko zote, heller ishirini ya shaba ya manjano, ya mwaka 1916. Ilikuwa ya babu yake, aliyekuwa mpagazi wakati wa vita, na mara nyingi mama alisema kwamba apewe mjukuu wake wa Chicago. Nikaitoa. Ilikuwa imegeuka rangi, nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikaona si vizuri mjomba ampelekee mtoto kitu kichafu. Basi nikatwaa ndimu na majivu, nikaikwatua hata ikang'aa kama pete ya arusi. Nikaridhika sana na kazi yangu, nikamwambia mke wangu azikwatue na zile zilizobaki, ziwe tayari nitakaporudi.

Nilipompa mpwa wangu, aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama kitambo, akaigeuza, akasema, "Ahsante sana, mjomba." Kisha akaishika ukingoni kwa vidole viwili, kama mtu ashikavyo kipepeo. Naliona amenyamaza, nikadhani ni furaha.

Siku ya Ijumaa, tarehe 9, tukaenda wawili Rosemont, mji ulio karibu na uwanja wa ndege wa O'Hare. Huko kulikuwa na maonyesho makubwa ya sarafu, yafanywayo kila mwaka na American Numismatic Association, chama cha wakusanya sarafu kilichoanzishwa Chicago katika mwaka 1891. Kila mwaka yaweza kuwa katika mji mwingine. Mwaka uliotangulia yalikuwa Pittsburgh.

Tulipokuwa tukingoja mlangoni kijana alinisimulia kisa, nami nakiandika kama nilivyokisikia, kwa maana kimenifuata tangu siku ile. Katika mwaka 1913 zilipigwa senti tano za Marekani zenye sura ya mwanamke wa Uhuru, ijapokuwa sura hiyo ilikuwa imekwisha kuachwa mwaka 1912. Zajulikana tano tu duniani. Moja ilikuwa ya bwana mmoja, jina lake George Walton. Mwaka 1962 bwana huyo akafa katika ajali ya motokaa, naye alikuwa nayo safarini. Warithi wake wakaambiwa kwamba si ya kweli, mwaka wake umegeuzwa. Dada yake akaiweka kabatini, na jamaa wakakaa nayo hivyo miaka karibu 40. Hata mwaka 2003, katika maonyesho haya haya yaliyofanyika Baltimore, watoto wa dada wakaileta. Wajuzi wakailinganisha usiku na zile nne nyingine zilizokuwa pale, wakasema ni ya kweli kabisa. Mwaka 2013 ikauzwa kwa dola 3,172,500.

"Walioileta walikuwa wapwa zake, mjomba," akasema, akacheka.

Nilitazamia kelele kama za mnada wa ng'ombe. La, ukumbi ule ni mkubwa ajabu, una mamia ya meza, lakini watu wameinama juu ya taa ndogo kama mafundi wa saa, na maneno yao ni ya chini. Watoto hupewa karatasi ya maswali, nao huenda meza hata meza wakitafuta majibu. Nalimwona mzee aliyekuwa akibishana na mwenzake juu ya bei ya maelfu ya dola. Msichana mdogo akaja na karatasi yake, mzee akaacha biashara, akavua miwani, akaanza kumfundisha. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, nikaona wivu kidogo.

Hata tukafika kwenye meza ya mtu auzaye sarafu za Afrika. Pale nalisimama muda mrefu. Kulikuwa na pesa ya Unguja yenye mizani, ya mwaka 1299 wa Kiislamu, yaani 1882; na rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, ya ile kampuni ya Waingereza. Na chini ya kioo, peke yake, ilikuwako dhahabu yenye ndovu aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake: rupia 15, mwaka 1916, na herufi T. Bei yake ni maelfu ya dola.

"T ni Tabora," kijana akaniambia.

Akanieleza, na mwenye meza akamsaidia. Wakati wa vita merikebu za Waingereza zilizuia njia ya bahari, fedha kutoka Ulaya hazikuja tena. Ndipo Wadachi wakapiga sarafu zao ndani ya karakana ya reli ya Tabora. Dhahabu ilitoka Sekenke, na za shaba zikapigwa kwa mabaki ya shaba waliyoyapata. Za dhahabu zilipigwa 16,198. Tarehe 19 Septemba mwaka ule Wabelgiji wakauingia mji. Mimi nimezaliwa Tabora, na reli ile naivuka kila juma, lakini habari ya karakana hiyo nimeisoma kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, karibu na uwanja wa ndege wa Chicago.

Basi nikamsukuma begani, nikamwambia, "Toa na yako, aione." Akasitasita. Nikamhimiza tena. Akaitoa.

Mwenye meza akaitia chini ya kioo cha kukuzia. Kwanza akafurahi, akatuonyesha taji, kwa maana ziko zenye taji kubwa na zenye taji dogo, akatuonyesha na ncha za herufi L, ambazo wajuzi huzitumia kutenga aina. Kisha akaigeuzageuza penye taa, uso wake ukabadilika.

"Nani aliisafisha hii?"

Kijana akajibu upesi, "Imetoka kwa bibi yangu. Ilikuja hivyo."

Wala hakunitazama. Ndipo nilipofahamu. Nikasikia masikio yangu yamepata moto, nikasema, "Bwana, ni mimi. Kwa ndimu na majivu."

Yule mtu hakunicheka. Alinipa kile kioo nitazame mwenyewe. Naliona mikwaruzo midogo mingi mno, yote imelala upande mmoja, kama shamba lililofagiliwa. Akasema kwamba ule weusi haukuwa uchafu. Ni ngozi ambayo shaba huiota kwa miaka mingi ya hewa na mikono ya watu, nayo huilinda. Ukiikwatua, huondoi uchafu, waondoa sarafu yenyewe kidogo kidogo. Wapimaji wao huipa sarafu namba tangu 1 hata 70, lakini iliyokwatuliwa huandikiwa neno tu kwamba imesafishwa. Nikamwuliza kama kuna dawa ya kuurudisha weusi ule. Akasema wako wanaojaribu, nao huzidi kuharibu. Afadhali iachwe, itajifanyia yenyewe polepole. Akaongeza kwamba heller ishirini za Tabora si adimu. Najua alitaka kunifariji, lakini ile ya mama ilikuwa moja.

Tukaenda kukaa penye viti. Nikamwuliza, "Ulijua?"

"Tangu siku ile, mjomba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi."

Sikuwa na neno. Nalinunua soda mbili tukanywa. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama katika sanduku la bibi zimebaki nyingine. Nilipokuwa nikifungua kinywa kumjibu, nikakumbuka agizo nililomwachia mke wangu. Nikasimama, soda ikamwagika.

Ilikuwa saa kumi ya alasiri. Kwetu ni saa sita ya usiku. Nikapiga simu hivyo hivyo. Ililia muda mrefu, kisha mke wangu akaitika kwa sauti ya hofu, "Mwalimu, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Zile sarafu za mama, umezikwatua?"

Akanyamaza, nadhani alikuwa akijiuliza kama nimerukwa na akili. Kisha akasema, "Mbili tu. Nalitaka kumaliza jana, lakini ndimu zimepanda bei sokoni."

Nikamwomba azirudishe katika kitambaa, asiziguse tena, nitamweleza sababu nitakaporudi. Akasema, "Haya," akakata simu.

Kijana alikuwa amesimama karibu nami, daftari lake mkononi. "Zimebaki ngapi zenye weusi wake, mjomba?"

Nikahesabu kwa vidole. Akaandika: tisa.