Maswali ya Mtihani wa Leseni ya Umeme

Katika zama zile nilipoanza kushika koleo na bisibisi hapa Mombasa, ujuzi wa kutandaza umeme majumbani ulikuwa ni mali ya kurithishana mkono kwa mkono, fundi akimfundisha mwanafunzi wake kwa kutenda zaidi kuliko kwa kunena, na mwanafunzi akihifadhi moyoni kwamba waya mwekundu ndio wenye umeme, mweusi ndio wa kuurudisha, na wa kijani ndio wa kwenda ardhini, asithubutu kuuliza sababu, kwani kuulizauliza kulihesabiwa kuwa ni utovu wa adabu. Sisemi haya kwa kuwadharau mafundi wale, Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, kwa kuwa walikuwa watu wa mikono mizuri na amana kubwa. Nasema tu kwamba hivyo ndivyo elimu ilivyokuwa.

Hata mitihani ya serikali ya ufundi, ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambayo aghlabu yetu tulianzia huko, ilipima mkono kabla ya kupima akili: ufunge ubaoni swichi mbili za ngazi ziamrishe taa moja, upinde bomba lisibonyee, ukaze nyaya zisichomoke, taa ikiwaka na mtahini akaridhika na unadhifu wa kazi, umefuzu.

Mambo yalibadilika nilipoitafuta leseni, ambayo madaraja yake huanzia C2 na kupanda hadi A1, katika siku za tume iliyoundwa kwa sheria ya nishati ya mwaka 2006. Hapo ndipo nilipokutana na maswali ambayo watahiniwa wenzangu waliyaita mitego. Tukikaa barazani jioni tukiyajadili mpaka usiku ukawa mwingi, na wako walioapa kwamba watungaji hawakuwa na kusudi ila kuwazuilia watu riziki zao.

Swali lililotushughulisha mno lilikuwa hili: taa mbili za volti 240, moja ya wati 60 na nyingine ya wati 100, zikifungwa kwa mfuatano juu ya volti hizo 240, ni ipi itakayong'aa zaidi? Mtu asiyetaamali hujibu mara moja kwamba ni ile ya wati 100, kwa kuwa ndivyo azionavyo nyumbani kwake kila usiku, ilhali nyumbani kila taa hupata volti zote peke yake. Zikifuatana, mkondo upitao katika hii ndio upitao katika ile. Na kwa kuwa ukinzani wa taa ndogo, kwa hesabu ya maandishi yake, ni omu 960, na wa kubwa ni omu 576, ndogo ndiyo itwaayo sehemu kubwa ya volti, nayo ndiyo ing'aayo. Mwenzetu mmoja hakusadiki hata tulipozifunga mbele ya macho yake.

Swali la pili lilikuwa la soketi: ni ngapi zinazoruhusiwa katika mzunguko wa ringi wa ampea 32? Tuliwaza nane, tukawaza kumi, na jawabu ni kwamba hazina idadi, maadamu eneo la nyumba linalohudumiwa halizidi mita za mraba 100. Kuhusu jiko la umeme la wati 12,000, ambalo kwa volti 240 hudai ampea 50, kanuni huhesabu ampea 10 za mwanzo kamili, kisha asilimia 30 ya zile 40 zilizobaki, yaani 12, kisha huongeza 5 ikiwa kwenye swichi yake mna soketi, zikawa 27. Kwani ni nadra sahani zote za jiko kuwaka kwa nguvu zote kwa wakati mmoja.

Lakini swali nililolipenda kuliko yote ni la urefu wa kebo: ukiurefusha maradufu, ukinzani wa shaba huongezeka maradufu, je, na ukinzani wa kihami chake? Huo hupungua kwa nusu. Kihami ni kama kuta za mfereji wa maji, ambazo kadiri mfereji unavyorefuka ndivyo nyufa zinavyozidi za kuvujia. Miaka ya baadaye nilipima nyumba kubwa karibu na bahari, ambako hewa ya chumvi huingia katika kila kisanduku, nikakuta kila mzunguko peke yake una kipimo cha kuridhisha, ilhali nyumba nzima kwa pamoja imeshuka sana. Kijana niliyekuwa naye alitaka kung'oa nyaya zote. Nilimkumbusha lile swali la kebo, tukahesabu, tukaona kwamba mizunguko kumi yenye omu milioni 10 kila mmoja, ikiunganishwa, haina budi kuonyesha milioni moja, na wala haumo mmoja ulio mbovu.

Katika mahojiano ya ana kwa ana, mtahini alinionyesha taa iliyofungiwa swichi yake kwenye waya wa kurudishia umeme, akaniuliza kwa upole, "Fundi, hapa ukizima, umezima nini?" Nikamjibu kwamba nimezima nuru tu, na umeme ungali ukimngoja katika kishikio yule atakayekuja kubadilisha taa. Hakuongeza neno, akaandika.

Tangu nilipoanza kazi hii majibu mengi tuliyoyahifadhi yamepitwa na wakati. Kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wa pwani hii tumezifuata dahari, zilibadilisha rangi mwaka 2004, wenye umeme ukawa wa kahawia na wa kurudishia ukawa wa buluu. Na toleo la mwaka 2008 likakipandisha kipimo cha chini cha kihami kutoka omu nusu milioni hadi milioni moja. Aliyejibu kwa kuhifadhi tu, mwaka mmoja ni mjuzi na mwaka wa pili ni hatari kwa nyumba za watu. Ama taa ya wati 60 itaendelea kuishinda ya 100, na kebo ndefu itaendelea kuvuja kuliko fupi, hata kanuni zikiandikwa upya mara ngapi.

Kwa hiyo nawasihi wanaotunga mtihani huu, ambao sasa wako chini ya mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, wasiyapunguze maswali haya kwa sababu ya manung'uniko ya watahiniwa, bali wayazidishe. Nawe kijana unayejitayarisha, usinunue majibu ya mwaka jana. Azima kipimio, mwombe fundi wako akusimamie, kisha upime kwa mkono wako mwenyewe.